Kidimbwi cha kuogelea nyumbani: pima kwanza, nyundo baadaye

Kila Januari simu ninazopigiwa hufanana. Wageni wa Krismasi wamerudi Nairobi, watoto wamerudi shule, na mwenye nyumba amesimama ukingoni akitazama kigae kilichobanduka. "Fundi, hiki kidimbwi kimezeeka. Tubomoe tuanze upya, ama kipakwe tu rangi?" Nami humuuliza: kwa siku maji yanashuka kiasi gani? Hapo simu hunyamaza.

Swali hilo nimelijibu Milimani ya Kisumu, nikalijibu Milimani ya Nakuru, nikalijibu Kakamega na Eldoret. Sasa naliandika. Mwongozo huu haukufundishi kukarabati. Unakufundisha kujua kama wakati wa kukarabati umefika, jambo ambalo utalifanya mwenyewe kwa mwezi mmoja hivi, kwa vifaa ambavyo vingi viko jikoni.

Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli kwa nyumba. Kwa kidimbwi kuna nyufa ambazo ukiziba haraka, kabla ya kujua zimetoka wapi, ndizo zitakazokujengesha ukuta.

Vitu vya kuwa navyo

- Ndoo ya lita 20 na jiwe la kuizuia isielee
- Utepe wa karatasi, ule wa wapaka rangi, na penseli
- Rula yenye milimita
- Kadi ya benki iliyokwisha muda (unene wake ni kama robo tatu ya milimita, utaona kazi yake)
- Bisibisi yenye mpini wa plastiki
- Soksi kuukuu ya nailoni
- Rangi ya chakula, nyekundu au buluu, na bomba la sindano lisilo na sindano
- Vidonge viwili vya vitamini C
- Kifaa cha kupima klorini na pH (yaani uchachu wa maji)
- Miwani ya kuogelea
- Daftari. Usitegemee kichwa.

Chagua siku ambazo mvua haitarajiwi. Huku kwetu Januari na Februari ndiyo miezi ya kuaminika zaidi. Kakamega mwaka mzima ni bahati nasibu, kwa hiyo huko fuatilia utabiri wa hali ya hewa na uwe tayari kurudia.

Hatua kwa hatua

1. Andika umri wa kila kitu, si wa kidimbwi tu. Kidimbwi hakizeeki kwa pamoja. Pampu nzuri hufanya kazi miaka 8 hadi 12. Mchanga wa chujio hubadilishwa kila baada ya miaka 5 hadi 7. Plasta ya ndani huishi miaka 7 hadi 15, ikitegemea maji yalitunzwaje. Vigae vilivyowekwa na fundi anayejua hupita miaka 20. Mtu akikwambia "kina miaka kumi, lazima kikarabatiwe", muulize ni kipi chenye miaka kumi.

2. Safisha maji kabla ya kuhukumu ukuta. Maji ya kijani si dalili ya kidimbwi kuchakaa. Ni mwani, na mwani ni matokeo ya klorini kuisha. Nakuru na Kisumu zote ziko karibu kabisa na ikweta, na jua la saa sita hula klorini isiyo na dawa ya kuikinga na jua kwa muda wa saa chache. Leta pH kati ya 7.2 na 7.6, klorini kati ya 1 na 3 ppm (miligramu kwa lita) kwa kipimo chako, sugua kuta, endesha pampu, subiri maji yang'ae hadi uone sakafu ya upande wa kina. Ukaguzi wa kidimbwi chenye maji ya kijani ni ramli.

Tahadhari ambayo sitachoka kuirudia: klorini na asidi havikutani, si ndani ya ndoo moja, si kwenye rafu moja. Na daima mimina dawa kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya dawa.

3. Fanya jaribio la ndoo. Hii ndiyo hatua yenye thamani kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Jaza ndoo kwa maji ya kidimbwi, uiweke kwenye ngazi ya pili ya kuingilia, jiwe ndani yake. Rekebisha mpaka maji ya ndani ya ndoo yalingane na maji ya nje. Bandika utepe ndani ya ndoo na mwingine kwenye ukuta wa kidimbwi, uweke alama ya penseli palipo maji. Funga bomba la kuongezea maji. Zima pampu. Hakuna mtu kuogelea kwa saa 24.

Kesho yake, saa ile ile, pima kila upande umeshuka milimita ngapi. Kisha sawazisha tena, washa pampu, urudie saa 24 nyingine.

Ndoo na kidimbwi vinapigwa na jua lile lile na upepo ule ule. Vikishuka sawa, hilo ni jua limekunywa. Kwa Kisumu milimita 5 hadi 7 kwa siku ya joto hazinishtui. Kidimbwi kikishuka kuliko ndoo, tofauti hiyo ndiyo inayovuja. Usiidharau kwa udogo wake: kidimbwi cha mita 8 kwa 4 kikipoteza sentimita moja, ni lita 320 zimekwenda. Kwa mwezi hiyo inakaribia lita 10,000, boza zima la maji.

Sasa linganisha siku mbili. Kama kinapoteza zaidi pampu ikiwa imewashwa, tafuta kwenye mabomba yanayorudisha maji. Kama kinapoteza zaidi pampu ikiwa imezimwa, shuku mabomba ya kunyonya. Kama kiasi ni kile kile siku zote mbili, macho yageukie kuta, sakafu, taa na ile midomo ya kunyonyea takataka za juu. Mabomba yakivuja unahitaji fundi wa mabomba. Kidimbwi chako bado hakijadai ukarabati.

Kosa la kawaida: kupima kwa macho. "Naona kama yameshuka" si kipimo. Kosa la pili ni kufanya jaribio siku moja tu, mvua ikanyesha usiku, halafu ukajipongeza kwamba hakivuji.

4. Tafuta mahali penyewe. Vaa miwani, zima pampu, acha maji yatulie nusu saa. Vuta rangi ya chakula kwenye bomba la sindano, ipulize taratibu karibu na ufa, kingo za taa, tundu la sakafuni. Rangi ikining'inia kama moshi wa jikoni asubuhi isiyo na upepo, hapo hapavuji. Ikivutwa ndani ya ukuta, umempata mwizi.

Halafu toka nje ya maji uzunguke kiwanja upande wa mteremko. Niliwahi kutafuta mvujo siku mbili nzima kwa mzee mmoja wa Kiamunyi, Nakuru, na jibu lilikuwa limesimama wima nyuma ya jikoni: migomba mitatu iliyonawiri mwezi wa pili, wakati mingine yote imesinyaa. Bomba la kurudisha maji lilikuwa limepasuka chini yake. Mke wake alisikitika tulipoliziba.

5. Soma nyufa. Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa, kwa hiyo tulia nami.

Vinyufa vyembamba kama nywele vilivyosambaa kama utando wa buibui juu ya plasta ni vya plasta yenyewe. Havina haraka.

Ufa mmoja unaokwenda umbali mrefu, unaopita kwenye kona, unaoshuka ukutani na kuendelea sakafuni, huo ni habari nyingine. Jaribu kuchomeka ile kadi ya benki. Ikiingia, andika. Kisha weka mistari midogo ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa, pamoja na tarehe, na uchore mistari miwili mitatu inayouvuka katikati. Palipo ndani ya maji kwaruza alama kwa msumari juu ya plasta. Rudi kila wiki kwa wiki nne. Ufa usiosogea unaweza kuzibwa. Ufa unaotembea hauzibwi, unaulizwa kwa nini unatembea.

Na jibu liko ardhini. Nyanda za Kisumu zina udongo mweusi wa kunata, ule mafundi huuita blakikotoni. Ukinywa mvua huvimba, kiangazi hunywea na kupasuka mpaka unaingiza mkono. Kidimbwi kilichojengwa juu yake bila kuuondoa na kujaza kifusi kigumu huinuliwa na kushushwa kila msimu, na nyufa zake hupanuka Februari na kubana Mei. Ukipima Mei peke yake utasema mambo ni shwari.

Nakuru shida yake ni nyingine. Ardhi ni majivu ya volkano, laini, na chini yake kuna mipasuko ya Bonde la Ufa. Mvua kubwa huosha majivu hayo yakazama, na ufa hufunguka juu. Wakazi wa Kaptembwa na Rhonda wanaujua mchezo huo, na Machi 2018 nchi nzima iliuona barabara ya Mai Mahiu hadi Narok ilipokatika karibu na Suswa. Ukiona ufa wa kidimbwi umenyooka, unaendelea kwenye sakafu ya nje, kisha ukutani mwa nyumba au uani kwa jirani kwa mstari ule ule, usimwite fundi wa vigae. Mwite mhandisi wa majengo. Hapo kidimbwi ni shahidi tu, mshtakiwa ni ardhi.

6. Gonga vigae, gusa plasta. Kwa mpini wa bisibisi gonga kigae kimoja kimoja kwenye mstari wa maji, halafu sampuli ya chini. Kigae kilichoshika hulia kwa mkato. Kilichoachana na ukuta hulia kama ngoma. Kumi vikiwa pamoja mahali pamoja, utabandika upya pale. Vikiwa vimetapakaa kila upande na ni zaidi ya robo ya vyote, usihangaike na viraka. Hili ndilo jibu la "ndiyo, wakati umefika".

Kwa plasta, valisha kidole soksi ya nailoni uipitishe ukutani. Ikikwama kila hatua, plasta imeliwa, na miguu ya watoto ilishakwambia hivyo. Kinachoila mara nyingi ni maji yenyewe. Maji ya Ziwa Victoria na mito inayoliingia ni laini, yana chokaa kidogo, nayo huitafuta chokaa kwenye plasta na kwenye viungo vya vigae. Maji ya mvua ni vile vile. Ukikarabati bila kupima ugumu wa maji (uwe kati ya 200 na 400 ppm) na kuuongeza unapopungua, miaka michache utarudi pale pale. Nakuru wenye visima vya kuchimbwa wana kesi tofauti: alkali iko juu, pH hupanda kila wiki, na klorini hukosa nguvu hata ukiimwaga kwa sufuria.

7. Chunguza madoa ya kahawia. Ponda kidonge cha vitamini C, ukifunge kwenye kitambaa, ukikandamize juu ya doa dakika chache. Doa likififia ni chuma. Kama lilikuwa pana na hafifu, lililetwa na maji ya kisima. Kama ni nukta moja kali inayorudi wiki chache baada ya kusuguliwa, yamkini vyuma vya ndani ya zege vimeanza kula kutu. Bonyeza kwa ncha ya bisibisi. Pakimeguka kama mkate mkavu, andika kwa wino mwekundu. Kutu huvimba, na inapovimba hupasua zege kutoka ndani. Hili halisubiri Krismasi nyingine.

8. Sikiliza mashine. Andika geji ya chujio inasoma ngapi mara tu baada ya kuosha mchanga. Ikipanda psi 8 hadi 10 juu ya hapo (psi ni kipimo cha msukumo), osha tena. Ikipanda ndani ya siku moja mbili kila mara, mchanga umekwisha kazi. Tafadhali usiweke mchanga wa ziwani wala wa mtoni, hata ukiwa bure. Una udongo na chembe zisizolingana. Pampu inayolia kama kinu cha posho imeisha beringi. Yote haya ni matengenezo ya siku moja, hayaguswi na mtu wa zege.

9. Mambo yasiyongoja kipimo. Kifuniko cha tundu la sakafuni kikiwa kimevunjika au hakipo, funga kidimbwi leo. Pampu inaweza kumnyonya mtoto nywele au mwili akashindwa kujinasua. Taa ya majini inayotumia umeme wa nyumba badala ya volti 12, au mzunguko usio na swichi ya kukata umeme unapovuja, vivyo hivyo. Ua uwe angalau mita 1.2 na lango lijifunge lenyewe. Ukikarabati, omba tundu la kunyonya lisiwe moja. Yawe mawili yaliyoachana mita moja au zaidi.

10. Soma ardhi kabla ya kutoa maji. Tuseme vipimo vimesema ukarabati. Usikimbilie kumwaga.

Miaka ya nyuma nilikubali kumwaga maji ya kidimbwi kimoja karibu na Dunga, ufuoni mwa Kisumu, mwezi wa Mei, kwa sababu mwenyewe alikuwa na harusi Juni. Niliacha kikiwa kitupu jioni. Asubuhi sakafu ilikuwa imeinuka katikati kama mgongo wa kobe. Hesabu niliifanya baadaye, nikiwa nimechelewa: kidimbwi cha mita 8 kwa 4, maji ya ardhini yakiwa mita moja juu ya sakafu yake, kinasukumwa juu kwa nguvu ya tani 32. Zege lake lenyewe, likiwa na unene wa sentimita 15, lina tani 24 hivi. Maji yaliyokuwa ndani ndiyo yaliyokuwa yakikishikilia chini.

Kwa hiyo: funga jiwe kwenye kamba, omba ruhusa kwa jirani mwenye kisima kifupi, upime maji yake yako umbali gani kutoka juu ya ardhi, ukikumbuka kama kwake ni mteremkoni au mlimani kuliko kwako. Maji yakiwa juu ya sakafu ya kidimbwi chako, subiri kiangazi. Karibu na Ziwa Victoria kuwa mwangalifu maradufu, maana tangu mafuriko ya 2020 watu wengi wa ufuoni wameona maji mahali ambapo babu zao hawakuyaona. Muulize pia fundi kama kuna valvu ya kupunguza msukumo chini ya tundu la sakafuni, na kama bado inafunguka.

Acha kutia klorini siku kadhaa kabla, pima mpaka isome sifuri, kisha yatoe polepole kwenye bustani yako, si kwenye mtaro unaoingia kwa jirani mwenye samaki.

11. Amua. Fungua daftari. Mashine na maji peke yake: tengeneza, endelea kuogelea. Mvujo mmoja uliopatikana, ufa usiosogea, vigae vichache: kiraka, na upime tena baada ya miezi sita. Plasta iliyoliwa kila mahali au vigae vinavyolia ngoma pande zote: panga ukarabati wa ndani Januari ijayo. Ufa unaotembea au kutu ya vyuma: mhandisi kwanza, bei baadaye.

Ukiomba bei, wape mafundi watatu eneo lile lile kwa mita za mraba. Kidimbwi cha 8 kwa 4 chenye kina cha wastani cha mita 1.4 kina sakafu mita 32 na kuta karibu 34, jumla 66. Mkandarasi awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Na uweke kando pesa za kujaza: ni lita 45,000, yaani karibu maboza matano ya lita 10,000. Watu husahau maji, halafu kidimbwi kipya hukaa kikavu juani kikipasuka.

Ukiamua kuahirisha, usikiache na maji yaliyolala. Kanda ya ziwa tuna malaria ya kutosha.

Mambo yakikwama

*Bili ya maji iko juu lakini ndoo na kidimbwi vimeshuka sawa pampu ikiwa imezimwa.* Tazama bomba la kumwagia maji machafu baada ya kuosha chujio. Likidondoka pampu ikiwa imewashwa, mpira wa valvu umechakaa.

*Mapovu yanatoka kwenye matundu ya kurudishia maji.* Pampu inanyonya hewa. Anza na ile pete ya mpira kwenye kifuniko chake, ipake grisi ya silikoni, kabla hujachimba chochote.

*Maji hushuka, kisha husimama mahali pamoja.* Mahali yaliposimama ndipo penye tundu, au juu kidogo yake. Mara nyingi huwa ni taa au mdomo wa kunyonyea takataka.

*Fundi amekuja, ametazama dakika tano, amesema bomoa yote.* Mpe daftari asome. Asipolifungua, msindikize langoni.

*Maji yanaongezeka na mvua haijanyesha.* Kwanza hakikisha bomba la kujazia limefungwa kabisa. Kama limefungwa, ni maji ya ardhini yanaingia. Usitoe hata ndoo moja, na upige simu kwa mhandisi siku hiyo hiyo.